Boksi la patasi nane nimeliweka kando, gauji moja imebaki

Nakereza mbao Nyakato, hapa Mwanza, huu mwaka wa kumi na moja. Kazi iliyonikuza ni miguu ya vitanda, nguzo za ngazi na miti ya kusukumia chapati. Mabakuli niliyaanza baadaye, hoteli moja ya kando ya ziwa iliponiagiza mabakuli ishirini ya matunda, ya mbao ya mwembe. Nikapokea oda nikiamini patasi ninazo. Sikuwa nazo. Naeleza hapa nilichonunua tangu siku ile, bei niliyolipa na nilichokiona, kwa sababu kila wiki kuna fundi ananiuliza, na wengi wananiuliza wakiwa wameshalipa.

Kwa ambaye hajaishika, gauji ni patasi ya kukerezea yenye mfereji katikati na makali yaliyopinda kama ukucha. Mguu wa kitanda unaweza kuukereza kwa karibu patasi yoyote, maana nyuzi za mbao zinakwenda na urefu wa mashine. Bakuli ni habari nyingine. Kipande kimefungwa kwa ubavu, kwa hiyo kila kikizunguka mara moja patasi inakutana na vichwa vya nyuzi mara mbili na ubavu wa nyuzi mara mbili. Laini, ngumu, laini, ngumu, mamia ya mara kwa dakika. Tena ukiingia ndani ya bakuli, makali yanakuwa mbali na chuma unachoegemeza patasi, na uzito wote unarudi kwenye mkono wako. Hapo ndipo patasi nzuri na mbaya zinapoachana.

Gauji ya kwanza nilifuliwa na mzee mmoja mhunzi wa upande wa Igoma. Nilimkuta asubuhi anachochea makaa. "Mwangaluka, babu." Akaitikia, akaniuliza kabla sijakaa: "Unataka ya kuchongea kwa mkono au ya mashine?" Nikamwambia ya mashine, ya bakuli. Akachagua springi ya gari iliyo nene zaidi ya ile aliyokuwa ameishika, akaipasha, akaipinda juu ya nondo nene, akaizamisha kwenye oili chafu. Elfu kumi na tano, mpini juu yangu.

Kazi ya yule mzee naiheshimu hadi leo. Kwenye mwembe mbichi gauji ile inakata vizuri kabisa, maranda yanatoka marefu na bakuli linabaki limelowa, linang'aa. Taabu yake ni makali kutodumu. Bakuli moja la sentimita 25 lilinitaka ninoe mara tano au sita. Na ukiwa na haraka kwenye mashine ya kunolea, ncha inageuka rangi ya bluu mara moja. Springi ni chuma cha kaboni. Ikishafika bluu, ugumu wake umeondoka, na pale penye bluu lazima upasage pote pamalizike ndipo upate chuma kizima tena. Kwa hiyo unanoa polepole, unachovya kwenye maji, unanoa, unachovya. Kwa mabakuli ishirini hiyo ni siku nzima ya kunoa tu.

Ndipo nikanunua boksi.

Lilikuwa duka la vifaa hapa mjini, silitaji. Patasi nane ndani ya boksi la mbao lenye kitambaa chekundu, mipini imepakwa vanishi, juu ya boksi picha ya bakuli. Laki moja na ishirini elfu. Muuzaji akaniambia, "Fundi, hapa umemaliza kila kitu, hutarudi dukani." Ndani yake mlikuwa na gauji moja pana sana, kama inchi moja na robo, na kwa upana wake nikaona ndiyo ya kutolea magamba kwenye kipande cha bakuli. Nawaomba wote mnaosoma msikie vizuri hapa. Gauji ile pana ni ya kuparia miguu ya meza na nguzo, basi. Haiingii kwenye bakuli hata siku moja.

Sababu yake unaiona ukiivua mpini. Inaanza kama bapa la chuma lililokunjwa likawa nusu bomba, na kwa nyuma limebanwa likawa ulimi mwembamba, hauzidi kidole cha mwisho, ndio uingiao kwenye mpini. Nguvu yote ya patasi imeegemea ulimi huo. Kwenye mguu wa meza hakuna shida, maana mzigo ni mdogo na nyuzi zinakwenda upande mmoja. Kwenye bakuli, pembe moja ya ule upana ikinasa kwenye kichwa cha nyuzi, kipande chote kinaibeba patasi kwa mara moja.

Mimi nilikuwa na kipande cha mwembe cha sentimita 28, nimekifunga kwa skrubu nne kwenye sahani ya chuma. Ilinasa mara ya tatu niliposogeza. Mlio ulikuwa kama wa mtu anayevunja muwa. Mpini ulibaki mkononi mwangu, na chuma kikapita kikaenda kugonga bati la ukuta wa nyuma. Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa hatua mbili kutoka pale, na kilichomwokoa ni kwamba muda huo alikuwa ameinama anazoa maranda. Nilizima mota, nikamwita, nikamshika kichwa chote kwa mikono miwili nikimtafuta damu. Hakuwa na kitu. Siku hiyo hatukufanya kazi tena.

Nilirudi dukani, si kudai fedha, bali kuomba wasiiuze ile patasi chini ya picha ya bakuli. Nikajibiwa kwamba nimeitumia vibaya. Ni kweli niliitumia vibaya. Lakini mtu aliyeona picha ile angefanya nini kingine?

Jioni moja baada ya hapo nilifanya jaribio ambalo kila fundi anaweza kulifanya, na nasikitika sikulifanya kabla ya kulipa. Nilichukua patasi saba zilizobaki, nikachukua na kipande cha biti ya kutobolea chuma iliyovunjika, ambayo najua ni HSS, yaani kile chuma kigumu cha kukatia vyuma vingine. Nikazima taa ya karakana, nikaanza kugusisha kimoja kimoja kwenye jiwe la kunolea. Biti ilitoa cheche chache, fupi, za wekundu uliofifia, hazipasuki. Springi ya mzee wa Igoma ilitoa cheche nyeupe za manjano, ndefu, kila moja inapasuka mwishoni kama nyota ndogo. Hicho ndicho chuma cha kaboni, na hakuna aibu ndani yake, maana mzee hakuniambia kitu kingine. Patasi za boksi zilikuwa zimepigwa muhuri wa HSS zote. Tano zilitoa cheche za biti. Mbili zilitoa nyota.

Cheche hazisomi muhuri. Muuzaji akikubali uguse kidogo kisigino cha patasi, pale mteremko wa makali unapoishia, kwenye jiwe, gusa. Akikataa, mwombe akuonyeshe inavyoingia kwenye mpini.

Faida ya HSS ni joto. Chuma cha kaboni kinaanza kulegea kwenye nyuzi joto 200 na kitu, na ile rangi ya bluu ni karibu nyuzi 300. HSS inashika ugumu wake hadi zaidi ya nyuzi 500, kwa hiyo hata ncha ikigeuka rangi kwenye jiwe, makali bado yapo. Ila usiitie kwenye maji ikiwa ya moto. Inaweza kupata nyufa ndogo ambazo macho hayazioni, kisha makali yanamegeka vipande. Iache ipoe kwa hewa. Kwa sisi tuliolelewa na ndoo ya maji kando ya jiwe, mazoea hayo ni magumu kuyaacha. Mimi niliiondoa ndoo kabisa.

Sasa gauji yenyewe ya bakuli. Tofauti na ile pana, hii hutengenezwa kwa nondo ya mviringo, mfereji unachimbwa kwa mashine, na ile nondo nzima, kwa unene wake wote, ndiyo inayoingia kwenye mpini. Hakuna ulimi. Ukiitazama kwa mbele, mfereji ni wa kina, unafika katikati ya nondo au kuipita. Kuna mifereji ya umbo la V na ya umbo la U. Nilipojaribu zote mbili kwa rafiki, ya V iliziba maranda ya mwembe mbichi pale chini kwenye kona, na ya U iliyatema. Wenye mbao kavu wanaweza kuona tofauti ndogo. Mimi nakereza mbichi zaidi, nikachagua U.

Kwenye ukubwa ndiko watu wanapopotea, hasa wanaoagiza kwa simu. Waingereza wanapima mfereji. Wamarekani wanapima unene wa nondo. Kwa hiyo gauji inayoitwa nusu inchi kule Sheffield, Uingereza, ina nondo ya karibu inchi tano ya nane, na ukiagiza nusu inchi kwa Mmarekani utapata ile ambayo Sheffield wanaiita tatu ya nane. Zote ni nzuri, lakini si kitu kimoja. Muulize muuzaji swali moja tu: nondo ina milimita ngapi? Akisema 16, hiyo ndiyo ninayoisema mimi. Akisema 13, ni ndogo yake, inatosha mabakuli ya mchuzi na ya karanga, lakini ukiitoa nje ya egemeo zaidi ya upana wa kiganja inaanza kutetemeka, na mtetemo wake unauona umeandikwa kwenye bakuli.

Nilichukua ya Sheffield. Mji ule wa Uingereza una karakana kadhaa za patasi za kukerezea, Robert Sorby na Crown zikiwemo, na yangu ni ya mmoja wa watengenezaji wa huko. Shemeji yangu aliyekuwa anarudi nyumbani aliibeba kwenye begi la kupakia, akanitumia kutoka Dar kwa basi, nikaipokea stendi ya Nyegezi ikiwa imefungwa kwenye gazeti na gundi ya karatasi. Laki mbili na thelathini elfu, bila mpini. Kwa fedha hiyo ningepata karibu maboksi mawili ya patasi nane.

Mpini niliutengeneza mwenyewe kwa mpera, urefu sentimita 45, mti ambao mababu wametutengenezea mipini ya majembe na hatujawahi kulalamika. Pete ya mbele nilikata kwenye bomba la maji la chuma. Tundu nililitoboa kwa unene uleule wa nondo, kina cha vidole vinne, nikajaza gundi ya mirija miwili, nikaacha siku mbili. Wanaouza na mpini wanaongeza bei, na ukiwa na mashine ya kukereza sioni kwa nini ulipie kitu ambacho ni kazi yako.

Ilivyofika ilikuwa imenolewa kiwandani kwa umbo la kawaida tu, mabega, yaani pembe mbili za makali, yamesimama. Kwa namna ile ilinikata nje ya bakuli bila shida, lakini ndani, pale ukuta unapogeuka kuwa kitako, mabega yaligusa kabla ya ncha. Nikayanoa yarudi nyuma, yakawa mabawa marefu, ncha nikaiacha karibu digrii 60. Umbo la namna hii, mabawa marefu na ncha ya digrii 60, Marekani wengi wanaliita kwa jina la David Ellsworth, mkerezaji wa huko. Kisha nikasaga kile kisigino, mahali mteremko unapoishia, kwa sababu kilikuwa kikali na kilikuwa kinaacha mistari ya kubonyea ndani ya bakuli. Kazi hiyo yote ilichukua mchana mmoja. Mtu asiyejua kunoa angeipokea gauji ile na kudhani ameibiwa.

Ndiyo maana bei ya gauji siihesabu bila bei ya jiwe. Mashine nyingi za kunolea madukani hapa ni za inchi sita na zinazunguka karibu mara 2,850 kwa dakika kwa umeme wetu. Zipo za inchi nane za mwendo wa pole, karibu 1,425, na hizo ndizo za kutafuta. Jiwe la kijivu linalokuja na mashine ni gumu, linang'aa haraka, likishang'aa linachoma badala ya kukata. Nililitoa nikaweka jeupe, ambalo ni laini na linajimenya lenyewe. Namba 80 ni ya kutengenezea umbo, namba 120 au 180 ya kunolea kila siku.

Na kunoa kwenyewe, hebu niseme ninavyofanya. Napaka mteremko wote wino wa kalamu nene nyeusi. Naugusisha kisigino kwanza, halafu nainua mpini taratibu mpaka cheche zianze kupita juu ya makali na kuangukia ndani ya mfereji. Hapo ndipo jiwe limefika kwenye ncha yenyewe, na hapo ndipo pa kuacha. Naitazama: wino umebaki wapi? Ukibaki karibu na makali, nimeinua kidogo mno. Ukibaki nyuma, nimezidisha. Ukiisha wote kwa sawa, narudi kwenye mashine. Nusu dakika. Kijana wangu anajua sasa, na yeye anatumia wino mwekundu.

Miezi kumi na minne imepita. Kwenye mwembe mbichi, bakuli la sentimita 25 nalitoa nje na ndani kwa kunoa mara moja, au mbili kama gamba lilikuwa na mchanga. Gamba lisugue kwa brashi ya waya kabla, mchanga wa huku kwetu unamaliza makali kuliko mti wenyewe. Nalikereza mara ya kwanza nikiacha ukuta mnene, sentimita mbili na nusu kwa bakuli la sentimita 25, nalifunika na maranda yake kwenye mfuko wa karatasi, mbali na upepo wa ziwa, kwa miezi kadhaa. Likishajipinda na kukauka ndipo nalimaliza. Mfenesi unakatika kama siagi baridi na rangi yake ya manjano watu wanaipenda sana. Mgrevilea unachanika nyuzi kwenye vichwa usipoinoa upya kabla ya mpito wa mwisho.

Mvule ndio uliniambia ukweli. Fundi mitumbwi mmoja wa Igombe alinipa kisiki. Mvule una kitu ndani yake kama chokaa, wakati mwingine kimejikusanya kikawa jiwe kabisa katikati ya mbao. Gauji ya springi ilikufa makali ndani ya dakika chache. Hii ya Sheffield niliinoa mara nne kwa bakuli moja, ikagonga jiwe mara moja ikapata pengo dogo, nikalisaga likaisha. Vumbi lake linawasha koo na macho, vaa barakoa.

Lawama ninazo. Nondo ilikuja na mikwaruzo ya mashine ndani ya mfereji, na mikwaruzo hiyo inafanya makali yawe na meno madogo madogo, ilibidi niisugue mwenyewe kwa msasa uliozungushiwa kijiti. Kwa bei ile nilitarajia imalizwe. Na kwa bakuli refu, lenye kina kuzidi kiganja na vidole, inafika ukomo wake. Pale nahitaji nyingine yenye ncha butu zaidi kwa ajili ya kitako tu, na kwa hilo nimeirudisha kazini gauji moja nyembamba ya lile boksi, mojawapo ya zile tano zenye cheche nzuri. Nayo inafanya vizuri.

Kama una laki na nusu tu mfukoni leo, nenda kwa mhunzi, chukua ya springi nene, na fedha iliyobaki iweke kwenye jiwe jeupe. Utakereza mabakuli, utauza, na utajifunza kunoa kwa chuma ambacho ukikiharibu hakikuumizi. Nilipeleka oda nzima ya yale mabakuli ishirini kwa gauji ya elfu kumi na tano. Kama unazo laki nne, nunua gauji moja ya nondo ya milimita 16, jiwe, na mpera ukate mwenyewe.

Chuma chenye mfereji kilikuwa sentimita 19 nilipokitoa kwenye gazeti. Nimekipima asubuhi hii kabla ya kuandika, ni sentimita 16 na nusu.